Nimeanza Kuishi kwa Pensheni Kabla ya Kustaafu

Mwezi wa nne mwaka 2024, siku mshahara ulipoingia, nilisimama pembeni ya mashine ya kutolea fedha pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, nikimsubiri kijana mmoja mwenye koti jekundu la mtumba. Mkononi alikuwa na kadi za benki kama kumi na tano, zimefungwa kwa mpira ule wa kufungia noti. Ya kwangu ilikuwa humo. Anachomoa kadi, anaangalia kikaratasi chenye namba ya siri, anatoa pesa, anakata yake, kinachobaki anamkabidhi mwenyewe. Kadi inarudi kwenye mpira. Sisi wenye kadi tulitawanyika pale nje, huyu kaegemea nguzo, yule anaangalia viatu vya mtumba asivyonunua, kila mtu akijifanya ana shughuli na simu yake.

"Shikamoo, bibi shamba!"

Nikageuka. Ni kijana mmoja mkulima wa viazi, mmoja wa wale niliowafundisha kuandika daftari la shamba: mbolea uliyonunua, vibarua uliowalipa, magunia uliyovuna. Daftari lake ndilo nililokuwa nawaonyesha wenzake.

"Marahaba, mwanangu. Habari za shamba?"

"Nzuri. Foleni leo ndefu, eh?"

"Ndefu," nikamjibu. Foleni yenyewe sikuwa ndani yake.

Mimi ni afisa ugani, naishi Uyole. Niliajiriwa 2002, na Mungu akipenda nitastaafu 2032 nikiwa na miaka 60. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikiwaambia watu wasiuze mahindi yakiwa shambani, wasikope mbolea bila kupiga hesabu ya mavuno. Nyumbani kwangu hakukuwa na daftari hata la dukani. La dukani alikuwa nalo mwenye duka.

Madeni yenyewe nitayasema kwa namba, maana nimeona tukizungumzia madeni tunapenda kusema "mambo yalibana" halafu tunahamia kwenye maombi. Mshahara wangu ulikuwa 1,280,000 kabla ya makato. Ukitoa mfuko wa hifadhi ya jamii asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, kodi na chama, zinabaki kama 959,200. Hapo ndipo benki nayo ilipokuwa inachukua 486,400. Kwa hiyo iliyokuwa inafika mkononi ni 472,800. Kanuni inasema makato yasikuache chini ya theluthi moja ya mshahara, na theluthi yangu ilikuwa 426,667. Yaani afisa mikopo angeweza kunikamua bado 46,000 hivi na akabaki ndani ya sheria.

Mkopo wenyewe ulianza kwa nia njema, kumalizia nyumba. Kisha ukaja ule mchezo tunaouita kazini kutopapu, yaani kuongeza mkopo kabla wa kwanza haujaisha. Machi 2023 nilikuwa nimebakiza miezi 38 na deni la 14,300,000, nakatwa 482,000 na kidogo kwa mwezi. Nikapigiwa simu: mama, una nafasi ya kuongeza. Nikachukua mkopo mpya wa 20,000,000. Ule wa zamani ukalipwa humo humo, zikatoka bima na ada, nikaondoka na 5,340,000. Makato yakapanda kwa shilingi elfu nne tu. Elfu nne! Nilitoka pale nikijiona mjanja.

Mwaka mzima ulipita kabla sijapiga hesabu. Miezi ilikuwa imerudi kutoka 38 hadi 60, yaani nimeongeza 22. Miezi 22 mara 486,400 ni 10,700,800. Nimechukua milioni tano na laki tatu, nitalipa zaidi ya kumi. Riba ya mkopo wa mshahara inakuwa nzito mwanzoni. Miezi ya kwanza unalipa riba zaidi kuliko deni lenyewe, na kila unapotopapu unarudishwa mwanzoni kule kule kwenye uzito. Ni kama mtu anayepanda mlima Loleza, akifika katikati anashushwa chini ili apewe maji ya kunywa. Na mkataba niliusaini mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono.

Ile milioni tano ilienda wapi? Ada ya binti yangu, hiyo sijutii. Sendofu ya mtoto wa dada yangu, ambayo nilikuwa mweka hazina wake, na mweka hazina hawezi kuwa na kadi ya mchango yenye deni. Makochi. Kufika mwezi wa nane 2023 ilikuwa imeisha. Mwezi wa tisa nikaenda kwa kausha damu.

Wasiojua, na heri yao: kausha damu ni wale wanaokukopesha leo leo bila maswali, wanachukua kadi yako ya benki na namba ya siri. Tangu 2018 kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha inayowataka wakopeshaji wawe na leseni. Mimi leseni sikuiulizia. Mwenye njaa haulizi cheti cha mpishi. Nilikopa 600,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Kila mshahara, 180,000 inatoka, na hiyo ni riba tu. Ile laki sita iko pale pale imekaa kitako. Siku ile ya Mwanjelwa ilikuwa mara ya saba. Saba mara 180,000 ni 1,260,000. Nimelipa deni mara mbili na bado nadaiwa lote.

Nilimwambia mume wangu usiku ule. Yeye ni seremala, ana kibanda chake hapa hapa Uyole. Alikuwa anaota moto wa jiko. Uyole kwa baridi hata mwezi wa nne usiku unakaa karibu na jiko. (Na hapa niseme pembeni, kikazi: jiko la mkaa usilale nalo chumbani umefunga madirisha. Kila msimu wa baridi tunazika watu.) Nilitegemea atapiga kelele. Alinyamaza, akauliza kitu kimoja.

"Mama, kwa hiyo ile kadi uliyosema imemezwa na mashine?"

"Haikumezwa."

"Tangu mwezi wa tisa?"

"Tangu mwezi wa tisa."

Akachochea mkaa. Baadaye sana akasema, "Yule mtamba atapata bei nzuri akiuzwa sasa, kabla malisho hayajakauka."

Mtamba yule alikuwa wangu, nimemlea tangu ndama, na angezaa mwaka uliofuata. Tulimuuza 1,100,000. Wiki ile ile, kabla mwezi mwingine haujahesabika, nikapeleka 600,000, nikarudishiwa kadi yangu. Ilikuwa bado na alama ya ule mpira katikati. Nilienda moja kwa moja kubadilisha namba ya siri, mikono inatetemeka kama mwizi.

Zikabaki laki tano. Laki mbili nikapunguza deni la kikundi chetu cha kukopeshana, ambako nilidaiwa 1,100,000. Laki tatu mume wangu alizificha, akaniambia hizi hazina jina hadi mwezi wa saba. Nitarudi kwenye hizo laki tatu.

Watu wakisikia kubana matumizi wanafikiria chakula. Ni kweli tulibana. Kisimbuzi tulikiacha kiishe. Nywele nilikata fupi, na nilivyo sasa wananiambia nimekuwa kijana. Nyama ikawa ya Jumapili na ya mgeni. Lakini sisi tuko Uyole jamani, si jangwani. Viazi vidogo vidogo ambavyo wachuuzi wa kwenda Dar hawavitaki vinauzwa bei ya kutupa, maharage yapo, ndizi zinakuja kutoka Tukuyu, parachichi msimu wake unaokota. Mtu wa nyanda za juu akisema amekonda kwa kubana matumizi, mchunguze vizuri.

Kilichokuwa kigumu ni mdomo. Nilikaa chini na simu nikapitia ujumbe wote wa kutuma pesa wa mwaka 2023, nikaandika michango tu: harusi, sendofu, kipaimara, ubarikio, misiba, sherehe za kuzaliwa za watoto wasiojua hata kama wamezaliwa. Ishirini na tatu. Jumla 1,940,000. Hiyo ni zaidi ya mishahara yangu minne ya mkononi. Na katika ile ishirini na tatu, misiba ilikuwa minne tu. Msiba sikuugusa na sitaugusa. Kwetu mtu anazikwa na watu. Nilipunguza shangwe.

Mara ya kwanza ilikuwa kwa shemeji, kaka wa mume wangu, anaoza binti. Kadi ya mchango ilisema laki moja kwa mtu mmoja. Nilikuwa nimezoea kuahidi kwanza, kutafuta baadaye. Ndivyo madeni yangu yote yalivyozaliwa: yalianza kama ahadi. Nikampigia.

"Shemeji, mimi nitatoa elfu ishirini, na debe mbili za viazi siku ya mkesha. Hiyo ndiyo niliyonayo."

Kimya. Halafu, "Wewe tena, shemeji? Mtumishi wa serikali?"

"Mimi, shemeji. Nadaiwa."

Neno lile sikuwahi kulisema kwa ukoo. Siku mbili nzima nilikuwa nasubiri dunia ianguke. Siku ya tatu alinipigia mke wake, kwa sauti ya chini kama anaiba, akaniuliza kama na mimi kadi yangu ilikuwa kwa yule kijana wa koti jekundu.

Sasa nirudi kwenye pensheni, maana ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Juni 2024 bajeti ya serikali iliposomwa, ofisini kulikuwa na furaha kwa sababu ya kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu mafao ya mstaafu. Tangu 2022 mstaafu alikuwa anapewa mkupuo, yaani pesa ya mara moja, wa asilimia 33 ya mafao, sasa sisi wa mifuko ya zamani iliyokuwa ikilipa mkupuo wa nusu, kabla haijaunganishwa 2018, tungepata asilimia 40. Jioni ile nilichukua daftari, sasa ninalo, nikafanya hesabu ambayo sijui kwa nini sikuwahi kuifanya kwa miaka 22. Unachukua miezi uliyofanya kazi, kwangu itakuwa 360. Unagawanya kwa 580. Unazidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka yako mitatu bora. Kwa kuwa ya mbele siyajui, niliweka mshahara niliokuwa nao, 1,280,000 mara kumi na mbili. Ikaja pensheni ya 9,533,793 kwa mwaka. Mkupuo ni hiyo mara 12.5, kisha asilimia 40 yake: 47,668,966. Inayobaki, asilimia 60, ndiyo inagawanywa kwa miezi: 476,690 kila mwezi.

Niliikazia macho ile namba. Nimeiona wapi? Nikafungua ukurasa wa mwanzo wa daftari. Mshahara unaofika mkononi baada ya makato ya benki: 472,800.

Zinapishana elfu tatu na mia nane na tisini. Maisha niliyokuwa nayaita ya dhiki, ya kupita tu hadi deni liishe, ndiyo maisha ya pensheni yangu. Nilikuwa nimeshayaanza, miaka minane kabla ya barua ya kustaafu. Mshahara unaweza kupanda, najua, na pensheni nayo itapanda. Na bei ya mkaa itapanda nazo. Lakini kwa mara ya kwanza nilijua uzee wangu una ukubwa gani, kama unavyopima eneo kabla ya kununua miche.

Na kwa kuwa nilikuwa na kalamu mkononi nikafanya na ile ya asilimia 33. Mkupuo ungekuwa 39,326,897, lakini ya kila mwezi ingekuwa 532,303. Kwa hiyo ile nyongeza tuliyoishangilia, milioni nane na laki tatu, inalipwa kwa kupunguziwa 55,613 kila mwezi. Inachukua miezi 150 kuwa sawa, miaka kumi na miwili na nusu. Nikifika miaka 72 na nusu, yule wa asilimia 33 anaanza kunizidi. Niliwaonyesha wenzangu ofisini. Mmoja akasema, "Dada, nani ana uhakika wa kufika 72?" Bibi yangu alifika 90 na alikuwa bado anapalilia. Siamini kama mkupuo mkubwa ni baraka kwa kila mtu. Nawajua wastaafu wawili walionunua basi dogo la Costa kwa mafao. Moja imekaa juu ya mawe, nyingine iliuzwa kulipa fundi wa ile ya kwanza. Hapana, hiyo ya mwisho natania, lakini si kwa mbali sana.

Mpango wangu hauna maajabu. Deni la kikundi nililimaliza kwa elfu tisini kila mwezi, mwezi wa tano 2024 hadi wa pili 2025. La benki, hadi mwezi wa saba 2025, nilikuwa nimebakiza miezi 32. Litaisha Machi 2028. Hapo nitakuwa na miaka minne kabla ya kustaafu. Nilishasema na mume wangu: ile 486,400 tusiione. Iendelee kukatwa, ila niikate mimi. Kwa miaka minne ni 23,347,200 bila faida yoyote. Sehemu itaenda kwenye mfuko wa hatifungani (pesa unayoikopesha serikali au kampuni kwa riba) wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji, ambako unaweza kuweka kidogo kidogo, na ikifika milioni kadhaa nitajaribu hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu, zinazolipa riba kila baada ya miezi sita. Riba ya miezi sita, kwa mtu aliyezoea kusubiri mavuno, si ngeni.

Tuna nusu eka ya urithi kule Rungwe. Wengi wananiambia nipande mipaina Mufindi. Mpaina ni mti mzuri, lakini unataka miaka 15 na zaidi. Nikipanda leo nitauvuna nikiwa bibi kizee, au watauvuna wanaogombania urithi. Parachichi aina ya Hass, miche ya kubandika, ile iliyounganishwa kwenye shina la mche mwingine, inaanza kuonyesha matunda mwaka wa tatu na kushika kweli kuanzia wa tano. Hiyo inaingia kwenye umri wangu. Tulipanda 45 masika ya 2025 kwa pesa ya vitanda viwili alivyouza mume wangu. Saba zimeshakufa. Mbili nilizipanda mimi mwenyewe kwa mikono yangu, zimezama mno, kile kidonda cha kubandikia kimefukiwa na udongo. Kosa ninalowakataza wakulima kila mwaka.

Mwezi wa tano 2025 benki ilinipigia tena. Sauti nzuri, adabu nyingi. Mama, umeshafikia vigezo vya kuongeza. Nilimuuliza miezi itarudi hadi mingapi. Akasema ni uamuzi wangu, hata 84 inawezekana ila umri... akasita, akahesabu. Nikamsikia akihesabu. Tukaagana vizuri.

Zile laki tatu. Mwezi wa saba 2024, mahindi yalipokuwa yamejaa kila kona, tulinunua magunia matano ya kilo mia kwa 60,000 kila moja. Sisi ni wanne nyumbani, na viazi vinasaidia. Jirani alisema tumepata wazimu, nani ananunua mahindi ya mwaka mzima. Niliyaanika siku tatu kwenye turubai. Kisha nikafanya jaribio ninalofundisha vijijini: chupa kavu, kiganja cha mahindi, vijiko vya chumvi kavu, unatikisa, unaacha yatulie. Chumvi iking'ang'ania kwenye chupa, mahindi bado yana maji. Siku ya kwanza iling'ang'ania. Siku ya tatu ikateleza yote chini. Tukayaweka kwenye ile mifuko ya kuzuia hewa, nailoni mbili ndani ya kiroba, unajaza, unakanyaga kona zote, unasokota mdomo wa nailoni ya kwanza, unaukunja, unafunga, halafu ya pili, halafu kiroba. Hakuna dawa. Dumuzi, huyu tunayemwita Skania kwa jinsi anavyosaga, akikosa hewa anakufa humo humo. Na tukaacha kukoboa. Dona. Ukikoboa, karibu robo ya gunia unaiacha mashineni kama pumba, na ulishailipia. Mama mkwe alilalamika wiki mbili, ugali mweusi, ugali wa jela. Siku hizi sembe ikipikwa kwa watu anasema haina ladha.

Mwezi wa pili gunia pale sokoni lilikuwa linakaribia 90,000. Mwezi wa tano tulifungua la tano, la mwisho. Jirani alikuja kushuhudia, amesimama mlangoni na kanga begani. Mume wangu akakata kamba, nikafungua nailoni ya kwanza, ya pili, nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko na kutoa mahindi ya chini kabisa. Meupe, makavu, hakuna unga hata chembe. Jirani akachukua punje moja akaitafuna, ikalia ka! kama mwezi wa saba.

"Hii mifuko wanauza wapi?" akauliza.